Kobalti, pemba na ziwa la mama: jibu kwa mama wa Ruashi

Swali lilinifikia hivi, nimelifupisha kidogo:

"Jambo muganga. Niko na mimba ya miezi saba, ni ya pili. Tunakaa Ruashi, hapa Lubumbashi. Bwana yangu anachimba mawe, akirudi jioni ni vumbi toka kichwa mpaka miguu, na nguo zake ninazifua mimi. Tena mimi nakula pemba, ule udongo mkavu wa kutafuna, kila siku, nikiikosa sipati usingizi. Mama mkwe anasema kobalti imeshaingia ndani ya damu yangu, itampata mtoto, na kwamba nikizaa nisimpe ziwa, ninunue maziwa ya kopo. Anasema pia mtoto wa kwanza alinibomolea jino, na huyu atachukua lingine. Naomba unieleze: madini yanatoka kwangu kwenda kwa mtoto kwa njia gani? Na nimnyonyeshe au nisimnyonyeshe?"

Jambo mama. Nianze na swali la mwisho kwa sababu ndilo lenye haraka: mnyonyeshe. Anza saa ile ile ya kuzaliwa, bila maji wala kopo, mpaka atimize miezi sita, kisha uendelee kumpa ziwa pamoja na chakula. Mama mkwe ameona jambo la kweli, maana madini ya mgodini yanaweza kumfikia mtoto, lakini amelinda mlango usio wenyewe. Mlango wa kuogopwa zaidi ni ule ulio wazi sasa hivi, tumboni. Ziwa ni chujio kali kuliko anavyodhani. Na kuna miezi miwili mbele yako ambayo unaweza kuitumia vizuri sana, kwa hiyo usikate tamaa kabla hujasoma mpaka chini.

Watu wengi hufikiri damu ya mama inaingia ndani ya mtoto kama mto Lubumbashi unavyoingia Kafubu, mto mmoja ukawa mwingine. Sivyo. Kondo la nyuma, lile bonge jekundu lenye uzito wa nusu kilo hivi linalotoka baada ya mtoto, lina utando mwembamba. Upande mmoja wa utando inapita damu yako, upande wa pili inapita ya mtoto, na hazichanganyiki. Kila chembe ya madini inayotaka kuvuka lazima ivuke hapo, na kila aina ina njia yake.

Chukua chuma. Ndani ya damu yako chuma hakitembei peke yake, kinabebwa na protini inayoitwa transferini. Kwenye utando wa kondo kuna vipokezi vinavyoidaka transferini iliyojaa, vinaivuta ndani, vinapakua mzigo, halafu transferini tupu inarudishwa kwako ikatafute mzigo mwingine. Chuma kilichopakuliwa kinatolewa upande wa pili na kukabidhiwa transferini ya mtoto. Safari ni ya kwenda tu. Na mama anapopungukiwa, kondo linaongeza vipokezi ili lidake zaidi, ndiyo maana katika wadi ya wazazi utaona mama mwenye viganja vyeupe kama unga amemzaa mtoto mwekundu, damu yake nzuri kuliko ya aliyemzaa. Ila kondo nalo lina mwisho. Mama akiishiwa kabisa, mtoto anazaliwa na akiba ndogo, na upungufu wake hautaonekana siku hiyo. Utaonekana baadaye, miezi minne au mitano mbele, wakati hakuna anayekumbuka tena mambo ya mimba.

Mtoto aliyetimiza siku zake huzaliwa na chuma cha karibu miligramu 250. Ni robo ya gramu, kitu kidogo kuliko msumari wa kiatu, lakini ndicho kitakachomshikilia karibu nusu mwaka. Sehemu kubwa huvuka katika miezi mitatu ya mwisho. Kalsiamu hufanya hivyo hivyo: mifupa ya mtoto anayezaliwa ina gramu 30 hivi za kalsiamu, na karibu nne kwa tano ya hizo hupita katika miezi hiyo hiyo mitatu. Kondo linaisukuma kalsiamu kwa nguvu, kama pampu inayopandisha maji mlimani, mpaka damu ya mtoto inakuwa na kalsiamu nyingi kuliko yako. Mtoto anayezaliwa kabla ya wakati anaikosa sehemu hiyo ya mwisho ya msafara, na ndiyo sababu tunamfuatilia kwa karibu zaidi na kumpa matone ya chuma mapema.

Kuna jambo moja linalonifurahisha kila nikilifikiria, sisi wakaaji wa mji uliojengwa juu ya shaba. Ini la mtoto mchanga nalo ni ghala la shaba. Kwa kila gramu ya ini lake, mtoto huwa na shaba mara kadhaa kuliko mtu mzima, imefungwa ndani ya protini ili isimdhuru, akiitumia polepole wakati maziwa yanampa kidogo. Mtu mzima akikutwa na shaba nyingi hivyo ini lake lingekuwa linaumwa. Kwa mchanga ni riziki aliyofungashiwa.

Iodini nayo nisiipite, ingawa kwetu Katanga haikusumbui kama ilivyowasumbua ndugu zetu wa Kivu. Kwa majuma ya mwanzo mtoto hana tezi ya shingo inayofanya kazi, anategemea homoni ya tezi ya mama, na ubongo wake unajengwa kwa homoni hiyo. Tezi yake inaanza kujitegemea karibu na katikati ya mimba, na kuanzia hapo anahitaji iodini yenyewe. Kisiwani Idjwi, katikati ya ziwa Kivu, miaka ya 1960 watafiti walikuta watu wengi wenye uvimbe shingoni na watoto walioathirika akili na kimo, kwa sababu udongo wao ulikuwa na iodini kidogo mno. Muhogo mchungu usiolowekwa vizuri unaongeza shida hiyo, maana mabaki ya sumu yake yanaizuia tezi kuvuta iodini. Wewe tumia chumvi yenye iodini, iweke kwenye chombo chenye mfuniko, uitie mwishoni chungu kikiwa karibu kuepuliwa. Inatosha.

Sasa tuje kwenye yale yanayokunyima usingizi.

Njia nilizozieleza hapo juu zilijengwa kwa ajili ya madini mema, lakini yapo mengine yanayofanana nayo kwa umbo na chaji ya umeme, na mwili hauyatofautishi vizuri. Risasi inafuata njia za kalsiamu. Kobalti, kadmiamu na manganizi hupenya kwenye utumbo kwa mlango ule ule wa chuma. Hapa kuna jambo ambalo nataka ulishike kuliko mengine yote niliyoandika: mwili unapokosa chuma, unafungua mlango huo wazi zaidi ili unase chochote, na wageni wasioalikwa wanapita humo humo. Mama aliyepungukiwa damu anayekaa penye vumbi la mgodi anameza vumbi sawa na jirani yake, lakini mwili wake unanyonya zaidi. Kwa hiyo kidonge cha chuma unachopewa kwenye CPN, yaani kliniki ya wajawazito, kile unachokiacha kabatini kwa sababu kinakuchafua roho na kukufunga choo, kwako wewe wa Ruashi kinafanya kazi mbili. Kimeze. Kikikusumbua kimeze usiku baada ya chakula, lakini usikiache.

Wageni hao hawana tabia moja. Kadmiamu, kwa mfano, inakwama kwenye kondo. Protini za pale zinaikamata, na kwenye damu ya kitovu inapatikana kidogo kuliko kwenye damu ya mama. Lakini kondo linaumia kwa kuibeba, na linapitisha zinki vibaya zaidi. Hiyo ni sababu mojawapo ya kumkataza mtu yeyote kuvuta sigara karibu yako, maana moshi wa tumbaku ni chanzo kikubwa cha kadmiamu hata kwa mtu asiyejua mgodi ni nini. Zebaki ya aina ile inayokaa ndani ya samaki inavuka bila kizuizi na inajikusanya upande wa mtoto, hata damu yake inakuwa na zaidi ya ile ya mama. Kule Minamata, Japani, ugonjwa ulitambuliwa mwaka 1956, na walikuwepo akina mama walioonekana wazima huku watoto wao wakizaliwa wamelemaa. Zebaki ni balaa la wachimba dhahabu wa kule Kivu zaidi kuliko la wachimba kobalti, basi nisikuongezee mzigo usio wako.

Kobalti yako inavuka. Mwili wa binadamu hauijui kwa kazi nyingine ila moja: chembe yake iko katikati ya vitamini B12. Iliyozidi hapo haina matumizi. Kwamba inavuka kondo tumejua hata kutoka kwa wanawake wasiowahi kuona mgodi. Huko Ulaya wapo waliowekewa nyonga za bandia za chuma chenye kobalti kisha wakashika mimba, na damu ya kitovu cha watoto wao ilikutwa na kobalti, ingawa pungufu ya ile ya mama. Habari njema ni kwamba kobalti haipendi kukaa. Figo zinaitoa kwa mkojo, sehemu kubwa katika siku chache. Ukipunguza vumbi mwezi huu, damu yako ya mwezi ujao itakuwa tofauti.

Risasi ndiyo mbaya. Yenyewe haitoki, inahamia kwenye mifupa na kukaa humo miaka kumi, ishirini, hata zaidi. Kwa mtu mzima, zaidi ya asilimia 90 ya risasi iliyo mwilini iko mifupani. Wewe umekulia hapa mjini. Tangu mwaka 1911 shaba imeyeyushwa Lubumbashi chini ya bomba lile refu la moshi tunaloliona toka kila upande, na upande ule upepo unakoelekea, udongo umechafuka kwa madini. Magari nayo yalichoma petroli yenye risasi mpaka nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara zilipoiacha mwanzoni mwa 2006. Kile ulichokivuta ukiwa mtoto, sehemu yake bado unayo. Na mimba inapodai kalsiamu, mifupa inafunguliwa ili itoe, na risasi inatoka pamoja nayo. Inapovuka kondo haizuiliwi sana: damu ya kitovu huwa na asilimia 80 hadi 90 ya kiasi kilichomo kwenye damu ya mama. Hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa ubongo wa mtoto.

Nimeyasema haya, sasa nikuonyeshe nini cha kufanya nayo. Mama anayekula kalsiamu ya kutosha anaiacha mifupa yake ipumzike. Huko Mexico wajawazito walipewa gramu 1.2 za kalsiamu kila siku wakati wa kulala, na risasi katika damu yao ikashuka kwa karibu moja ya kumi ukilinganisha na wasiopewa. Si mwujiza, lakini ni kitu. Kwa bahati kalsiamu hiyo tunaijua tayari kwa sababu nyingine: Shirika la Afya Duniani linaipendekeza kwa wajawazito wa nchi ambazo watu hula kalsiamu kidogo, ili kuwakinga na presha ya mimba. Uliza kwenye CPN yako. Isipokuwepo, ndakala (dagaa) wadogo wanaoliwa pamoja na mifupa yao ni kalsiamu tosha kwa bei ya soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi. Usiwatoe vichwa. Kidonge cha kalsiamu na kidonge cha chuma visimezwe wakati mmoja, vinagombana tumboni. Kimoja asubuhi, kingine usiku.

Unataka kujua pia kama hofu ya mgodi ina ushahidi, au ni maneno ya barazani. Ushahidi upo, na mwingi umetoka hapa hapa, kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wakishirikiana na wenzao wa Ubelgiji. Mwaka 2009 walichapisha vipimo vya mkojo wa watu wa Katanga wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya kuyeyushia madini: kobalti ilikuwa mara 43 ya ile ya watu wa mahali pa kulinganishia, risasi mara 5, kadmiamu na urani mara 4. Kisha kuanzia Machi 2013 hadi Februari 2015 walifuatilia katika wadi za uzazi za Lubumbashi watoto 138 waliozaliwa na kasoro zinazoonekana kwa macho, wakawalinganisha na 108 wasio nazo. Matokeo yalitoka mwaka 2020. Watoto ambao baba zao walifanya kazi za mgodi walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuzaliwa na kasoro, kama mara 5 na nusu.

Nisubiri kidogo hapo, usifunge simu. Idadi ya watoto ilikuwa ndogo, kwa hiyo hesabu yenyewe ina upana mkubwa: inaweza kuwa zaidi kidogo ya mara 1, inaweza kufika mara 25. Na kasoro za kuzaliwa, hata hatari yake ikipanda, bado hazimpati mtoto mmoja mmoja kila nyumba. Wengi mno wa watoto wa wachimbaji wanaozaliwa mikononi mwetu ni wazima. Tena viungo vya mtoto vinajengwa katika majuma ya mwanzo, na wewe uko mwezi wa saba. Kazi hiyo imekwisha. Kilichobaki ni kujaza akiba na kukuza ubongo. Lakini ona jambo la ajabu katika utafiti ule: madini yaliyomo kwenye mkojo wa akina mama yalikuwa juu kwa wote, wenye watoto wenye kasoro na wasio nao, hayakuwatenganisha waziwazi kama kazi ya baba ilivyowatenganisha. Mimi nasoma hapo kwamba mimba haianzii kwa mama peke yake. Mbegu ya baba nayo inapita mgodini, na nguo ya baba nayo inaingia nyumbani. Mmesikia, akina baba? Mke akiambiwa kila siku ale nini na asile nini, nanyi mna lenu.

Basi tuzungumze juu ya hizo nguo. Nina hakika unajua maji ya kwanza ya kufulia yanavyogeuka: unatumbukiza suruali ndani ya beseni, unaipiga mara mbili, maji yanakuwa mazito, mekundu yenye ukijivu, na ukiyaacha yatulie unakuta chini matope laini kama unga wa sembe. Matope hayo ndiyo mgodi wenyewe. Kabla hujayamwaga, ulishaikung'uta suruali hewani, ukavuta pumzi. Usikung'ute tena. Bwana avulie nguo za kazi nje, kwenye kona moja ya uwanja, aziloweke mwenyewe kwenye beseni lake lisilotumika kwa nguo za mtoto wala kwa mboga, na aoge kabla ya kumshika mtoto. Viatu visivuke mlango. Kama ni mtu wa kuhifadhi mawe au kuyapondaponda uwanjani akisubiri bei ipande, mawe hayo yaondoke kabla mtoto hajaanza kutambaa. Ndani ya nyumba msifagie kavu wakati huu wa vumbi, mnyunyize maji kwanza au mpige deki kwa kitambaa kibichi. Haya yanaonekana madogo, lakini vumbi la sakafuni ndilo linalofika kwenye vidole, na vidole hufika mdomoni.

Na pemba. Mama, najua. Nimewaona akina mama wakiivunja kwa meno katikati ya foleni ya CPN, ile sauti ya chaki kavu, na wanakuambia inanuka kama mvua ya kwanza ya Oktoba juu ya udongo. Hamu ile si ujinga wala uchawi, mara nyingi inatembea pamoja na upungufu wa chuma. Ubaya ni kwamba udongo unashika chuma ndani ya utumbo na kukizuia kuingia mwilini. Unakula pemba kwa sababu damu imepungua, damu inapungua kwa sababu unakula pemba. Juu ya hayo, udongo wa aina hii unabeba risasi. Nchini Uingereza mamlaka ya chakula iliwaonya wajawazito wasiule baada ya vipimo kuikuta humo. Sikutaki uache leo jioni kama mtu anayezima taa. Punguza nusu juma hili, nusu ya nusu juma lijalo, na kidonge cha chuma kisikose hata siku moja. Akina mama wengi wananiambia hamu inaanza kulegea yenyewe damu inapopanda. Ikikubana usiku, tafuna karoti mbichi au barafu.

Sasa ziwa. Titi halimwagi damu ndani ya maziwa, linayatengeneza, na linachagua kitu cha kutia. Chuma, shaba na zinki huingia kwenye maziwa kwa kiasi ambacho titi lenyewe limepanga. Ukila nyama ya ng'ombe mzima, chuma cha maziwa hakipandi. Ukikosa, hakishuki sana. Iodini na seleni ndiyo mambo mengine, hizo hufuata sahani ya mama, ndiyo maana chumvi ya iodini usiiache baada ya kuzaa. Zinki inashangaza zaidi: maziwa ya kwanza, yale mazito ya njano ambayo bibi zetu wengine waliyakamua na kuyamwaga wakisema yameoza, ndiyo yenye zinki nyingi kuliko yote, kisha inapungua mwezi hadi mwezi. Risasi kwenye maziwa huwa chini ya asilimia 3 ya ile iliyo kwenye damu ya mama. Linganisha na zile 80 hadi 90 za kitovu, utaelewa kwa nini nilisema mama mkwe amelinda mlango usio wenyewe. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2010 ulitaka mjamzito aanze kufuatiliwa risasi ikifika mikrogramu 5 kwa desilita ya damu, lakini haukumsimamisha mama kunyonyesha mpaka ifike 40.

Tena maziwa ya kopo ni unga, unakorogwa kwa maji. Maji gani? Ya kisima cha Ruashi, kilichochimbwa penye udongo ule ule? Kuyachemsha kunaua vijidudu, ni lazima, lakini madini hayachemki yakaondoka. Maji yanapungua, madini yanabaki. Mtoto wa kopo anakunywa maji hayo mara nane kwa siku, bila kinga ya mama, na kuhara kunaua watoto wetu kabla kobalti haijapata nafasi. Na pesa ya kopo moja ingekulisha wewe ndakala na lengalenga (mchicha) kwa siku nyingi.

Maziwa yana kasoro moja ya kweli: chuma chake ni kidogo, kama sehemu ya tatu ya miligramu kwa lita, ingawa mtoto anakinyonya vizuri. Mungu, au maumbile kama unapenda kusema hivyo, aliliziba pengo hilo kwa dakika tatu za mwanzo. Mtoto akishatoka, kitovu kinaendelea kudunda. Ukikishika kwa vidole viwili unasikia mapigo, kinene, cha buluu, kinang'aa. Kisha polepole kinalegea, kinakuwa cheupe, kinanyamaza. Katika muda huo damu kama mililita 80 au 100 iliyokuwa kwenye kondo inamrudia mwenyewe, na ndani yake chuma cha miligramu 40 hadi 50. Piga hesabu: maziwa yote atakayonyonya kwa miezi sita yana chuma cha kiasi hicho hicho. Nilipoanza kazi tulifundishwa kukata upesi, kwa fahari, kama mtu anayefungua kiwanda kwa mkasi. Leo agizo la Shirika la Afya Duniani ni kungoja walau dakika moja, hadi tatu, mradi mtoto analia na kupumua. Mwambie mkunga mapema, kabla uchungu haujakushika, na mwambie pia dada yako au yeyote atakayekusindikiza, maana saa ile wewe hutakuwa na nafasi ya kukumbusha watu.

Kuhusu chakula nisikuchoshe. Bukari (ugali) ya mahindi inashibisha, lakini ganda la nafaka lina kitu kinachofunga zinki na chuma, kwa hiyo isiwe peke yake: samaki kidogo, maini mara moja kwa juma ukipata, sombe (kisamvu) au lengalenga na tone la ndimu, kwa sababu uchachu unasaidia chuma cha mboga kuingia. Chai ngoja saa moja baada ya kula. Mboga zioshe kwa maji mengi, mara tatu, hasa zilizolimwa kando ya barabara ya malori ya mawe.

Jino ndilo limebaki. Mtoto hachukui jino la mama. Kalsiamu anayoitaka inatoka kwenye chakula chako, ambamo mwili wako mjamzito unainyonya karibu mara mbili ya kawaida, na ikipungua inatoka mifupani. Wakati wa kunyonyesha mifupa yako itapungua kidogo kweli, asilimia chache, na itajaa tena mtoto akiacha ziwa. Jino halimo katika biashara hiyo, likishamaliza kuota halirudishi kalsiamu. Lililokubomokea lilioza: fizi za mjamzito zinavimba na kutoka damu upesi, matapishi ya miezi ya kwanza yanachubua jino, na mtu mwenye kichefuchefu huuogopa mswaki. Hata pemba yenye mchanga inasaga meno. Kama kuna lingine linalouma sasa, nenda kwa muganga wa meno juma hili, umwambie una mimba ya miezi saba. Ganzi ya kawaida ya jino haimdhuru mtoto.